Brashi au muhuri? Kuchagua namna ya kupamba mawe madogo ya nyumbani Lamu

Anayetaka kupamba vijiwe vya kuweka sebuleni, kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) au kando ya ngazi ana njia mbili kubwa: achore kwa brashi na rangi, au agonge muhuri. Watu wengi wakiulizana juu ya kazi hii huanza na rangi: ya aina gani, ya duka gani. Kwa sisi tunaoishi Lamu naona swali la kwanza ni jiwe. Mawe tunayoyapata hapa kwa urahisi ni ya matumbawe. Yana vitundu, yana chumvi, yananyonya maji na rangi. Si yale mawe ya mto, mazito na laini, ambayo ndiyo huonekana kwenye picha nyingi za kazi hii. Ukishalijua jiwe ulilonalo mkononi, sehemu kubwa ya uamuzi kati ya brashi na muhuri umeshaumaliza.

Jiwe kwanza

Tumbawe halina haja ya kutafutwa mbali. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kila nyumba inapokarabatiwa, iwe mtaa wa Mkomani au wa Langoni, kifusi hubaki uchochoroni kikingoja punda wa kukiondoa. "Fundi, salaam aleikum, naomba vipande vitatu vinne hapo," na kwa kawaida utapewa bila ya neno. Kokoto nazo hutoka Maweni, kisiwani Manda, ambako watu huchimba mawe na kuyavunja kwa nyundo, kisha yakavushwa kwa chombo hadi huku. Kipande cha kokoto kina kingo kali, lakini ukikisugua kwa msasa mgumu, au hata kwa jiwe jingine, kinakubali haraka kwa sababu tumbawe si gumu sana.

Chukua kipande kimoja ukisogeze penye mwanga wa dirisha. Utaona vitundu vidogo vimepangana safu kwa safu, vingine vina miale inayotoka katikati kwenda pembeni. Kila kitundu kilikuwa makazi ya mnyama mdogo wa baharini. Mimi huona ni dhuluma kukifunika chote kwa rangi, na hilo limo katika hukumu yangu hapa chini.

Mawe laini, zile mbwe za mviringo nyeupe au nyeusi, hapa kisiwani ni shida kuyapata. Malindi na Mombasa huuzwa kwa mifuko na wauza miche na maua, kwa ajili ya kupamba bustani. Anayetoka huko akikuletea mfuko mdogo, kakufaa.

Ufuoni usizoe ovyo. Malindi kuna hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake hairuhusiwi kutoa jiwe, kombe wala tumbawe. Upande wetu kuna Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Na hata nje ya mipaka hiyo, tumbawe lililo hai mwambani liache palepale. Ndilo nyumba ya samaki tunaowala.

Kuna jambo moja ambalo asiyelifanya kazi yake yote itaharibika, awe ametumia brashi au muhuri. Tumbawe lililotoka ufuoni au kwenye ukuta wa zamani limejaa chumvi. Ukilipaka rangi hivyo hivyo litapendeza kwa muda, halafu unga mweupe utajitokeza chini ya rangi na kuibandua. Ni chumvi ile ile inayokula lipu za kuta zetu kwa chini. Loweka mawe kwenye ndoo ya maji ya mvua au maji matamu, ubadilishe maji kila siku kwa siku nne tano. Maji ya kisima chenye chumvi hayatasaidia kitu. Kisha yaanike mpaka yakauke hadi ndani, na hapo usiwe na haraka: jiwe la ukubwa wa ngumi linaweza kuwa kavu juu huku tumboni lina maji. Siki na ndimu usizitie kabisa. Tumbawe ni chokaa, na asidi huitafuna. Utaona povu likipanda juu ya jiwe, na sura yake nzuri ndiyo inayoondoka.

Brashi

Brashi inakwenda popote. Jiwe likiwa na bonde, nundu au tundu, nywele za brashi zinalifuata. Ndiyo maana kwa tumbawe brashi iko mbele sana ya muhuri. Pia inakuruhusu kuchagua: unapaka upande mmoja tu, au unazungushia mstari wa rangi na kuuacha mwili wa jiwe ulivyo, vitundu vikionekana. Kazi hii ya nusu rangi nusu jiwe, ukiiweka ndani ya kidaka cheupe, inashinda jiwe lililopakwa kote.

Udhaifu wake ni mstari mwembamba. Juu ya tumbawe lisilopakwa kitu brashi inaruka kila inapokutana na kitundu, na mstari unakatika. Ukitaka maua madogo, maandishi au nukta zilizopangana, lazima kwanza uweke tabaka la chini. Rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, mara mbili, inatosha kuziba vitundu vidogo. Wengine wanapenda kutumia chokaa kwa kuwa ndiyo mila ya nyumba zetu, na kweli weupe wa chokaa hauna mfano. Ila chokaa bichi ni kali, hula baadhi ya rangi na kuzififisha, kwa hiyo iache wiki kadhaa kabla hujachora juu yake, na usiiachie watoto, maana inaunguza macho na ngozi. Kwa kazi ya kawaida mimi huchagua rangi ya maji.

Jambo jingine la brashi ni kwamba kila jiwe linatoka peke yake. Hiyo ni sifa kama unataka jiwe moja la kuwekwa mezani. Ni taabu kama unataka kumi na mawili yafanane. Mkono uliochora ua zuri asubuhi, jioni umechoka, na ua la kumi halimjui la kwanza.

Mchoro ambao naona brashi inautendea haki kuliko chombo chochote ni jicho la jahazi. Tumezoea kuyaona yale mabamba ya mviringo kwenye omo za vyombo, yaani sehemu ya mbele, yamechorwa mwezi na nyota. Jiwe la mviringo tayari limekupa nusu ya kazi. Paka duara jeupe, lizungushie jeusi au buluu iliyokolea, halafu katikati chora mwezi na nyota yake. Mwezi ni mstari mmoja uliopinda, unaanza mwembamba, unanenepa, unamalizia mwembamba, na brashi ya ncha inaufanya kwa kuikandamiza na kuiachia tu. Muhuri unaweza kukupa umbo hilo, lakini hauwezi kukupa ule unene unaokuja na kuondoka.

Muhuri

Muhuri unataka jiwe laini, na ikiwezekana bapa. Kwenye mbwe au kipande cha tumbawe kilichosuguliwa na kupakwa tabaka la chini, unafanya kwa saa moja kazi ambayo brashi ingeifanya kwa siku nzima, na mawe yote yanafanana. Kwa mtu anayeandaa zawadi za harusi, au mwenye nyumba ya wageni anayetaka jiwe moja kila chumba lenye alama ile ile, sioni kwa nini ajitese na brashi.

Lakini muhuri upi? Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Muhuri wa mbao ngumu, hata uliochongwa vizuri na mafundi wetu wa milango, unagusa tu pale jiwe lilipoinuka. Pembeni hakuna kitu. Muhuri huo ni wa kitambaa na karatasi. Kwa jiwe unataka kitu kinachobonyea. Kiazi mbatata ni rahisi na watoto wanakipenda, ila maji yake yanaifanya rangi iteleze, lazima ukifute kwa kitambaa kila mara, na kesho yake kimeshanyauka. Sponji inafaa kwa mawimbi, mawingu na maumbo makubwa yasiyo na ncha.

Mimi vyombo vyangu ni viwili: raba ya shule na soli ya ndara, yaani kandambili. Raba unaichonga kwa wembe au kisu chembamba, nayo inashika hata mchoro mdogo: jani, samaki, nyota ya pembe nane. Soli ya ndara ni kwa michoro mikubwa zaidi. Inakatika vizuri kwa mkasi, inabonyea kufuata mgongo wa jiwe, na malighafi yake bahari inatuletea kila siku bila kuombwa. Hapa hapa Lamu ndipo ilipoundwa Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika tena, lililovikwa ndara zilizookotwa. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kwa hiyo ukiokota ndara moja ufuoni Shela ukaifanya mihuri mitatu, ufuo umepata nafuu kidogo na wewe hukutoa hata shilingi. Ioshe kwa sabuni kwanza, uondoe mchanga na mafuta, kisha ubandike kila umbo kwenye kipande cha mbao ili upate pa kushika.

Namna ya kugonga ina siri yake. Tulivyozoea ofisini ni kuuleta muhuri juu ya karatasi. Kwa jiwe lenye mgongo, fanya kinyume. Laza muhuri mezani ukiangalia juu, upake rangi, halafu shika jiwe kwa mikono miwili na uliviringishe juu yake polepole, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, bila kurudi nyuma. Ukirudi nyuma unapata mistari miwili. Na rangi usichovye. Chukua sponji ndogo, gusa rangi, gonga pembeni mpaka ibaki kidogo, ndipo uguse muhuri. Rangi ikizidi inajaa kwenye michongo na mchoro unatoka doa.

Maandishi ukiyachonga, yachonge yakiwa yamegeuzwa, iwe herufi za Kirumi au za Kiarabu. Njia nyepesi ni kuandika kwa penseli kwenye karatasi, kuilaza karatasi juu ya raba na kuisugua kwa ukucha. Maandishi yanahamia yakiwa tayari yamegeuka.

Kilichomo kwenye brashi au juu ya muhuri

Rangi ya akriliki inafaa kwa vyote viwili, na kama pesa yako ni ya kitu kimoja tu, nunua hiyo. Tabaka jembamba linakauka ndani ya nusu saa hivi, brashi inaoshwa kwa maji, na ikishakauka maji hayaiondoi. Rangi ya maji ya ukutani ni ya tabaka la chini na michoro mikubwa ya ndani. Rangi ya mafuta inang'aa na inavumilia, ila inataka tapentaini, inachukua siku nzima kukauka, vumbi linanata juu yake, na nyeupe yake hugeuka manjano ikikaa ndani pasipo jua. Kwa muhuri haifai kabisa, kwani inanata kwenye raba na kuiharibu.

Wino wa muhuri wa ofisini, ile pedi ya buluu au zambarau, usiuguse kwa kazi hii. Umetengenezwa unywewe na karatasi. Juu ya mbwe laini unabaki umelala, kidole kikipita umekwenda nacho. Juu ya tabaka jeupe utadhani umeshika, mpaka upake vanishi ya maji: hapo zambarau inayeyuka na kutambaa kwenye weupe wote. Na hata ukinusurika, jua la dirishani litaufifisha. Ukitaka wino badala ya rangi, uliza wino wa kudumu unaoandikwa kwamba unashika kwenye kioo na chuma. Ni ghali, na kwa macho yangu akriliki iliyogongwa kwa sponji haipungukiwi na kitu.

Njia ya tatu, ambayo tunayo sisi

Kuna kinamama mji mzima huu wanaojua kuchora mstari mwembamba usiokatika, na hawatumii brashi wala muhuri. Ni wapaka hina. Koni ya hina ukiijaza akriliki nzito badala ya hina, inatoa mstari ulioinuka juu ya jiwe, na kwa kuwa ncha haigusi jiwe, vitundu vya tumbawe haviukati. Rangi inaanguka juu yake kama uzi. Majani na maua ya mikononi mwa bibi harusi, vyote vinahamia kwenye jiwe bila taabu.

Mpaka hina mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima, alipoiona koni yangu imebanwa alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, usiikamue. Iongoze tu, itoke yenyewe." Nikamwitikia, "Naam, mama." Ni kweli: ukikamua, mstari unajaa mabonge. Toboa ncha ndogo sana, rangi iwe nzito kama ya kutosha kusimama, na ujizoeze kwanza kwenye bamba la bati au sahani, maana hapo ukikosea unafuta. Mstari ulioinuka unataka siku nzima kukauka, usiuguse kabla.

Ningemshauri yeyote mwenye mkono wa hina asahau brashi na muhuri, aanze hapa.

Jiwe litakaa wapi

Ndani, kwenye kidaka au juu ya kasha, karibu kila njia inafaa. Tofauti inakuja nje. Juu ya dari, ile sakafu ya wazi juu ya nyumba, ambako upepo wa kaskazi unapeperusha pembe za mkeka na kubamiza milango, watu wanataka mawe mazito ya kukandamizia. Hayo yatapigwa na jua kutwa. Nyeusi, nyeupe, buluu iliyokolea na rangi za udongo zinastahimili. Rangi zile kali zinazowaka, za waridi na kijani cha kung'aa, ndizo za kwanza kupauka. Hapo chora kwa brashi, michoro mikubwa, tabaka mbili. Mchoro mwembamba wa muhuri una rangi kidogo mno, na mchanga unaopeperuka unausugua.

Kwenye vyungu vya asumini na mrehani jiwe linamwagiwa maji kila siku. Tumia mbwe, si tumbawe, kwa kuwa tumbawe litanyonya maji kutoka chini na kusukuma rangi hata ukililoweka mwezi mzima. Vyooni na bafuni ni hivyo hivyo.

Na jambo la adabu. Wengi wanapenda jiwe lenye jina la Mwenyezi Mungu au neno la Qur'ani. Hilo mahali pake ni juu, penye heshima. Lisiwe la kuzuia mlango, lisiwekwe ngazini miguu ikapita, wala karibu na choo. Kwa mawe ya chini chora maua, mikufu, samaki, jahazi.

Vanishi ya maji ndiyo ninayoipendekeza, tabaka mbili nyembamba juu na pembeni, chini pabaki wazi ili jiwe lipumue. Vanishi ya mafuta inageuza nyeupe kuwa manjano. Gundi nyeupe ya mbao, ambayo wengine huitumia badala ya vanishi, inalainika unyevu unapopanda, na wakati wa mvua za masika mawe yatanata kwenye kitambaa cha meza. Majira yenyewe nayo yana neno: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mawe yanakauka kwa siku chache na kazi inakwenda. Masika ikiingia, hata jiwe lililo kivulini ndani ya nyumba linabaki na unyevu, na vanishi ikipakwa juu ya unyevu inafanya utando mweupe usiotoka. Kama huna budi kufanya kazi mwezi wa Mei, tumia mbwe.

Kwa hiyo uchague nini

Kwa tumbawe, brashi, au koni kama unaijua. Kwa mbwe, muhuri. Huo ndio msimamo wangu, na unaweza kuanzia hapo bila kujuta.

Ila mahitaji yana sauti yake. Unayetaka jiwe moja la sebuleni, hata kama ni mbwe, chora kwa brashi. Kuchonga muhuri kwa ajili ya jiwe moja ni kupoteza raba. Mwenye harusi na anahitaji mawe hamsini ya kuweka mezani, agize mbwe kutoka Malindi mapema, achonge mihuri miwili, mmoja wa ua na mmoja wa herufi za majina, na awaite mashangazi na binamu waje kumsaidia mchana mmoja. Mwenye watoto awape sponji na soli za ndara, mawe yakiwa yameshapakwa nyeupe. Wembe na tapentaini visiwepo chumbani. Anayeuza kwa wageni wanaoshuka Mkunguni nampa shauri tofauti kidogo: achanganye. Agonge muhuri wa mpaka kuzunguka ukingo, ambao unafanana kila jiwe na unakwenda haraka, kisha katikati achore kwa brashi kitu kimoja kwa mkono wake. Mnunuzi anachagua ile tofauti ya katikati, na wewe hukukesha ukichora mipaka.

Kama umechagua mihuri, weka bakuli la maji kando tangu unapoanza na uidumbukize kila unapoiweka chini. Akriliki ikikaukia ndani ya michongo ya raba haitoki tena, na muhuri wa siku tatu za kuchonga unaisha alasiri moja.